Usiite majina mlangoni: niliyojifunza nikimpeleka bibi kwenye chai ya manusura

Bibi ninayemhudumia hapa Brooklyn, New York, ni Myahudi mzaliwa wa Budapest, Hungaria. Mwaka 1944 alikuwa na miaka kumi. Yeye na mama yake walifungiwa kwenye geto, yaani mtaa ambao Wayahudi walilazimishwa kukaa bila ruhusa ya kutoka, hadi jeshi la Kisovieti lilipofika Januari 1945. Sikumuuliza hata siku moja. Niliyasikia mwaka wangu wa pili wa kazi, akimsimulia mwenzake wa Poland mezani, karata mkononi, kwa sauti ile ile ya kulalamikia bei ya nyanya.

Meza yenyewe ilikuwa ya Café Europa. Jina hilo lilitokana na mkahawa wa Stockholm, Sweden, ambako, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walionusurika walikuwa wakienda kuulizia ndugu zao. Sasa manusura wa Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, hukutana kwa jina hilo katika miji mingi, na mikutano mingi husaidiwa na Claims Conference, taasisi iliyoundwa mwaka 1951 kudai fidia kutoka Ujerumani. Kama unahudumia mzee wa namna hii, uliza shirika la ustawi wa Wayahudi la mji wako. Familia nyingi hazijui kama kuna kitu kama hicho.

Mimi nilidhani watu huenda pale kulia. Wapi! Wanakunywa chai, wanakula keki ya jozi, wanasengenya, wanaibiana karata. Kwetu Tanga ningesema ni baraza, kasoro kashata.

Ila upweke wao si kama wa wazee wetu. Babu yangu alipofiwa na mkewe alibaki na binamu na majirani waliomjua tangu anachunga mbuzi. Bibi huyu hana mtu hata mmoja aliye hai aliyemwona akiwa mtoto. Waliomwona wengi waliuawa, waliosalia wamekufa kwa uzee. Siku bibi mwingine alipoanza kuimba wimbo wa watoto wa Kihungaria, naye akaumalizia, nilielewa kwa nini mimi na uchangamfu wangu wote sikumtosha.

Kwa hiyo ukitaka kuandaa mkutano, usianze na maikrofoni wala wanafunzi wenye kamera. Ushuhuda una siku yake, na anayetaka kuutoa atasema. Siku ya chai iwe ya chai. Chakula kipelekwe mezani. Usiwasimamishe foleni na sahani.

Na usafiri! Sisi tuliuharibu. Majira ya baridi tulisimama mlangoni na karatasi, tukawa tunaita majina kwa sauti ili wapande basi dogo mmoja mmoja. Mzee mmoja akakaa chini, akakataa kata kata. Tukadhani anadeka. Binti yake ndiye aliyetueleza baadaye: nduguze waliitwa hivyo hivyo, wakapakiwa, hakuwaona tena. Tangu hapo tunamfuata kila mtu kitini kwake, tunamwambia kwa upole gari linakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Inachukua dakika ishirini zaidi. Ni sawa.

Jambo jingine ni hili la nani aliteseka zaidi. Lipo, usijifanye hulioni. Waliotoka kwenye kambi za mateso za Wanazi wakati mwingine huwaangalia waliofichwa na familia za Kikristo kana kwamba walikuwa likizo, na aliyefichwa naye hunyamaza, asiwe na pa kuweka uchungu wa kupewa jina jipya na kusahau sura ya mama. Usiwe hakimu. Wapange kwa lugha au kwa mchezo wa karata, si kwa mahali walipokuwa.

Mtu akifariki, waambie. Kuna wakati waandaaji walificha habari "wasisumbuke", kiti kikaondolewa tu. Bibi alisusa mkutano wiki tatu. Watu hawa wameshaona watu wakitoweka bila maelezo.

Wahudumu wenzangu, tukifika pale tusijikusanye pembeni na simu zetu. Kaa karibu, lakini usimjibie.

Mkutano ni mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote ni ndefu. Tuliandika namba za simu kwa tarakimu kubwa kwenye kadi, bibi akazibandika jikoni. Sasa Alhamisi jioni yule wa wimbo hupiga. Mimi huzima televisheni nikaenda kukunja nguo. Kihungaria sikijui, ila najua wanapomsema mtu.