Soko limeunganishwa "na" programu, au "kwa" programu?

SWALI: Naandika mwongozo wa wafanyakazi kuhusu mfumo wetu mpya. Soko letu la mtandaoni sasa limeunganishwa na hifadhidata, yaani ghala la taarifa kwenye kompyuta; oda ikiingia, taarifa zake zinahamia huko bila mtu kuzichapa. Niliandika hivi: "Soko limeunganishwa kwa hifadhidata na oda inajirekodi yenyewe." Mwenzangu alikata "kwa" akaweka "na", kisha "inajirekodi" akaigeuza "inarekodiwa kiotomatiki". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwenye "na" mwenzako amekushinda, na sababu imo ndani ya kitenzi chenyewe. Kifungue: unga, ungana, unganisha. Hiyo "-an-" ya katikati ndiyo ile ya pigana na patana, na vitenzi vya jamii hiyo huvuta "na". Unampatanisha fulani na fulani. Vivyo hivyo soko unaliunganisha na hifadhidata. "Kwa" iachie chombo: tunakata kwa kisu, tunafunga kwa kamba. Anayesoma "limeunganishwa kwa hifadhidata" ana haki ya kudhani hifadhidata ndiyo kamba, akabaki anasubiri kuambiwa soko limeunganishwa na nini.

Ila "na" nayo ina mtego. Tazama: "Soko limeunganishwa na programu." Programu ni kitu cha pili kilichoungwa, au ndiyo iliyofanya kazi ya kuunga? Sarufi inakubali zote mbili, maana katika kauli ya kutendwa "na" hiyohiyo humtangulia mtenda: mtoto ameitwa na mama. Na katika mifumo ya aina yenu huwa kweli kuna programu ya kati, inayolisikiliza soko, ikaichukua oda na kuipeleka kwenye hifadhidata. Kwa hiyo utata huu si mchezo wa walimu wa sarufi. Tumia kauli ya kutenda, na utata utaondoka: "Programu ya kati inaliunganisha soko na hifadhidata."

Kwenye "inajirekodi" sitakuwa mkali. Kiswahili cha kila siku kinaipenda "-ji-" ya namna hii: simu inajizima, mlango unajifunga, gari linajiendesha. Hakuna anayedhani mlango una mikono. Shida ni kwamba mwongozo husomwa siku kitu kimekwama. Oda haionekani, mfanyakazi anafungua mwongozo, na kumbe oda ndiyo iliyopewa kazi ya kujirekodi! "Haikurekodika" ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu haisemi kama mtu alijaribu ikashindikana au hakuna aliyejaribu. "Haikurekodiwa" ya mwenzako angalau inamwachia msomaji nafasi ya kuuliza: na nani? Lakini naye hakumtaja mtenda. "Kiotomatiki" halina kosa, limeundwa kama "kizamani" na "kitoto". Ila ukishasema "programu inairekodi oda", neno hilo linabaki limekaa tu.

Hukuniuliza kuhusu "oda ikiingia", lakini hapo ndipo mwongozo wa namna hii huumiza watu. Linganisha "mteja akilipa" na "mteja akishalipa". Ya kwanza inaweza kumaanisha mara tu anapobonyeza kitufe. Ya pili inadai kitendo kiwe kimekwisha. Kati ya kitufe na uthibitisho benki inaweza kukataa malipo, na oda isiyolipiwa ikawa imeshaandikwa. Kama mfumo wenu unasubiri uthibitisho, andika "malipo yakishathibitishwa". Silabi moja, "-sha-", inakuokolea maelezo marefu. Kama jambo linajirudia, tumia "kila" na "-po-": "kila oda inapobadilika". Hapo msomaji anaonywa kwamba mteja akisahihisha anwani yake, kazi inaanza upya, na kwamba kuiongeza oda tu bila kuangalia kama imo tayari kutaleta oda ileile mara mbili.

Sasa nije kwenye kosa ambalo mimi mwenyewe nililiandika nilipokuwa nakurekebishia sentensi zako: "Programu inatafuta namba ya oda, kama haipo, inaiongeza." Nini haipo? Nini inaongeza nini? Programu, oda, namba, hifadhidata: yote yako katika ngeli moja, yote yanachukua "i-". "Inaiongeza" inaweza kuwa yeyote kati yao akimwongeza yeyote. Maneno ya mkopo mengi huangukia ngeli hiyo, ndiyo maana maandishi ya kompyuta kwa Kiswahili hujaa "i-" zisizo na mwenyewe. Dawa ni kumtafutia mtenda neno la ngeli nyingine. "Mfumo" linafaa sana: mfumo unaiongeza, na msomaji anajua "u-" ni nani na "i-" ni nani. ("Kanzidata" badala ya "hifadhidata" haitakusaidia hapa, ingawa ni neno zuri, kanzi ni hazina. Ngeli ni ileile. Chagua moja, usichanganye.)

Tena, kitu kilicho ndani ya hifadhidata "kimo". "Kipo" ni kulegeza. Basi mimi ningeandika:

"Mfumo wa kati unaliunganisha soko na hifadhidata. Malipo yakishathibitishwa, na kila oda iliyolipiwa inapobadilika, mfumo huo unaitafuta oda kwenye hifadhidata kwa namba yake. Kama haimo, unaiongeza. Kama imo, unairekebisha."