Leteni kitu kilichokuwepo kabla mama hajazaliwa: ninavyofundisha historia hapa Moshi

Mwaka wangu wa tatu kazini, msichana wa kidato cha pili aliniletea stakabadhi mbili za kahawa alizozikuta ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Zilikuwa za babu yake wa Uru. Moja ilikuwa na jina la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, juu kabisa. Nyingine, ya mwishoni mwa miaka ya sabini, haikuwa nalo. Aliziweka mezani kwangu, akauliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, hapa katikati KNCU ilikwenda wapi?"

Somo la ushirika nilikuwa nimeshalifundisha darasa lile. Walijua kwamba wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, wakati walowezi walipokuwa hawataki kuona Mwafrika akilima kahawa ya kuuza, na kwamba mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Wangeweza kukutajia miaka hiyo wakiwa usingizini. Lakini hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hata moja.

Swali la stakabadhi lilitula vipindi viwili. Ilibidi turudi mwaka 1976, Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima na ununuzi wa mazao ukahamia kwenye mamlaka za mazao. Kisha tukasogea hadi sheria ya 1982 iliyofungua mlango vyama virudi. Watoto waliokuwa wakisinzia walianza kubishana: chama cha wakulima kinavunjwaje na mtu asiye mkulima? Aliyeamua aliona tatizo gani? Babu alilipwa vizuri zaidi kabla au baada? Mmoja akasema atamuuliza baba yake mkubwa. Aliuliza kweli, akarudi na jibu lililopingana na kitabu.

Tangu siku hiyo, ninapoandaa somo lolote la karne iliyopita, zana ya kwanza ninayoitafuta ni ile iliyoko majumbani mwa wanafunzi wenyewe. Walimu wenzangu wengi huniambia shule zao hazina projekta, hazina vitabu vya kutosha, hazina hela ya safari. Najua, na kwetu ni hivyo hivyo. Lakini nyumba za Moshi na vijiji vyake zimejaa karatasi.

Namna ya kuomba vitu hivyo ina maana kubwa. Ukisema "leteni kitu cha zamani" utaletewa kibuyu cha mbege, kinu na jembe. Ni vitu vizuri, lakini kibuyu hakikuambii ni mwaka gani. Mimi nasema: leteni kitu chenye maandishi, namba au picha, kilichokuwepo kabla mama yako hajazaliwa. Hapo ndipo zinapokuja kadi za TANU, leseni za baiskeli, risiti za kodi, noti zilizokwisha muda wake, vyeti vya JKT, khanga za sherehe za Uhuru. Kila kitu tunakiuliza maswali yale yale manne. Nani alikitengeneza? Alimtengenezea nani? Kinamtaka aliyekishika afanye nini? Kimenyamaza juu ya nini? Swali la nne ndilo gumu, na ndilo linalomtenganisha anayekariri na anayefikiri. Risiti ya kodi inakuambia kiasi kilicholipwa. Haikuambii mtu aliuza nini ili akipate.

Mara ya kwanza nilikosea. Mvulana mmoja wa Pasua alikuja mikono mitupu, akasema kwa sauti ya chini, "Sisi hatuna kitu, mwalimu, tumepanga." Nilijisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa nimemfanya aseme umaskini wao mbele za watu. Siku hizi naomba kitu au neno, yaani neno ambalo wazee hulitumia na vijana hawalielewi. Nilipomweleza hivyo, alimpigia simu bibi yake Singida. Kesho yake alikuja na maneno mawili: "unga wa yanga".

Sijawahi kupata zana bora kuliko maneno hayo mawili. Ni unga wa mahindi ya njano uliotoka nje miaka ya njaa, watu wakaupa jina la timu kwa sababu ya rangi yake. Bibi alisema walipanga foleni kuanzia alfajiri, na anayechoka aliacha jiwe mahali pake ili lisimame badala yake. Darasa likataka kujua: kwa nini nchi ya wakulima iagize unga? Ukishapata swali hilo kutoka midomoni mwa wanafunzi, ukame wa 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita ya Kagera vinakuwa majibu wanayoyahitaji. Havibaki kuwa orodha ya kunakili. Maneno mengine yakafuata: magendo, ulanguzi, naizi, kabwela, kupe, wahujumu uchumi. Kila moja lina umri wake. Tunaliandika kwenye karatasi ya manila na mwaka ambao mzee anakumbuka kulisikia, halafu tunaangalia kama wazee wawili wanakubaliana.

Hawakubaliani mara nyingi, na hiyo ni bahati. Babu mmoja alimwambia mjukuu wake kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa Dar es Salaam. Mwingine alisisitiza ni Arusha, kwani jina lenyewe si linasema? Nikawaachia wanafunzi walitatue. Waligundua kwamba wote wawili walikuwa na haki: Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mwishoni mwa Januari 1967 na kulipitisha, kisha likatangazwa Dar es Salaam tarehe 5 Februari. Ukumbi wa kikao kile bado upo Kaloleni, Arusha, na sasa ni makumbusho. Kama una hela ya safari moja tu kwenda Arusha, peleka watoto pale. Lakini wapeleke wakiwa tayari na ugomvi wa kuumaliza.

Nasema hivyo kwa sababu safari yangu ya kwanza niliiharibu. Niliwapeleka Old Moshi, kwenye mti unaosimuliwa kwamba Wajerumani walimnyongea Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Nilihutubia karibu saa nzima juani. Watoto waliniangalia, wakaangalia mti, wakauliza soda zinauzwa wapi. Mwaka uliofuata nilizungumza dakika tano tu. Kila wawili walikuwa na swali lao kwenye kipande cha karatasi: ungesimama wapi siku ile ili uone bila kuonekana? Wajerumani walitaka nani aone? Kumbukumbu iliyojengwa hapa inamtaja nani, na haimtaji nani? Tulipokaa chini kusikilizana, msichana mmoja alisema mti ule ulichaguliwa ili watu waendelee kuuona kila siku baada ya mwili kuondolewa. Mimi sikuwahi kuliwaza hilo. Tulipofika kwenye habari ya kichwa cha Meli, ambacho ukoo wake unasimulia kwamba kilipelekwa Ujerumani na hadi leo bado wanakitafuta, hakuna aliyeuliza soda.

Mwalimu wa hapa kwetu awe mwangalifu na jambo moja. Darasani mwako wamekaa pamoja watoto wa Old Moshi, Kibosho, Marangu na Machame, na wamangi wao walipigana, wengine wakashirikiana na Wajerumani dhidi ya majirani. Mtoto akitajwa kwa ukoo wake ataona anashtakiwa yeye. Nawauliza wote kwanza: mangi mwenye watu mia chache, jirani mwenye nguvu upande huu na bunduki za kigeni upande ule, alikuwa na njia ngapi mbele yake? Tukishazihesabu njia hizo, hasira hupungua na mjadala huwa wa kweli.

Mjini kwenyewe, pale mnapoweza kwenda kwa miguu, kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Kazi ninayowapa ni fupi: someni majina, halafu niambieni nani hayupo. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu katika vita ya kwanza ya dunia huku Afrika Mashariki, na wengi wao hawana jiwe lenye jina popote.

Kwa siku ambayo hatuwezi kutoka, igizo ninalolipenda kuliko yote ni la kesi ya ardhi ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate mashamba. Watu walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, akiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi hapa hapa Moshi. Tunapanga madawati mviringo. Kundi moja ni Wameru, jingine ni serikali ya Uingereza, waliobaki ni wajumbe wa mataifa.

Ushauri wangu hapa ni huu: wanafunzi wako hodari kabisa wape upande wa serikali. Nilipowapa walegevu, igizo liligeuka kuwa kilio upande mmoja na kigugumizi upande wa pili, na hakuna aliyejifunza kitu. Serikali ilikuwa na hoja zake: mapendekezo ya tume ya jaji Mark Wilson, fidia, ardhi nyingine ya Kingori. Wameru wa darasani lazima wazijibu moja moja, kama Kirilo alivyolazimika. Mwishoni wajumbe hupiga kura, na kila mwaka ardhi hurudishwa kwa shangwe. Ndipo ninapowaambia kwamba New York haikuwa hivyo. Ardhi haikurudishwa. Darasa hunyamaza. Swali la insha ya nyumbani ni moja tu: Kirilo anashuka kwenye gari Meru, waliomchangia wamemzunguka; awaambie nini? Insha hizo ndizo zinazowafikisha wenyewe kwenye kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, kwa sababu wengi huandika kwamba mtu mmoja hatoshi, nchi nzima inatakiwa.

Kuna suala la lugha, na hapa nasimama wazi. Historia ya sekondari tumeifundisha kwa Kiingereza miaka yote, na nimeona watoto wenye akili nzuri wakigeuka mabubu. Sasa kuna Historia ya Tanzania na Maadili inayofundishwa kwa Kiswahili, na tofauti naiona darasani. Kwa lile somo la Kiingereza, natenganisha kazi mbili. Kufikiri na kubishana tunafanya kwa lugha ya bibi aliyehojiwa, hata kama ni Kichaga na mwenzake anamtafsiria. Kuandika jibu la mtihani kunakuja kipindi kinachofuata, wakati tayari ana la kusema. Mtoto akikosa la kusema, Kiingereza hakimsaidii.

Ukutani tuna kamba ya katani ya mita 14, sentimita 10 kwa kila mwaka, kuanzia 1885. Hela ya kamba na vibanio vya nguo haifiki bei ya kitabu kimoja. Kila mwanafunzi anabana karatasi ya mwaka aliozaliwa mzee wao mkubwa kuliko wote. Kamba yenyewe tumeipa karatasi mwaka 1893, miche 62 ya mkonge iliponusurika safari na kufika Tanga. Mashamba yote makubwa ya mkonge ya nchi hii yalianzia kwenye miche hiyo. Kila nikitembea kando ya kamba ile huona wanafunzi wakipima kwa viganja kutoka kwa Meli hadi kwa bibi zao, wakishangaa ni karibu.

Kosa langu moja sitaki mwalimu mwingine alirudie. Mwanafunzi alileta picha ya marehemu babu yake akiwa na gwanda za jeshi, iliyopigwa kabla hajakwenda Kagera. Ilikuwa picha yake pekee iliyobaki nyumbani. Niliifungia kabatini ili mkondo mwingine nao waione. Likizo ikaja, ofisi ikapakwa rangi, makabati yakahamishwa, na picha haikuonekana tena. Leo hakuna kitu kinacholala shuleni. Nakipiga picha kwa simu, mwanafunzi anasaini daftari asubuhi na anasaini tena mchana anapokirudisha kwenye begi.

Jumamosi moja nilipanda Kibosho kumwomba radhi bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae."

Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Picha ilikuwa ya uso wake. Kaa nikwambie mtu mwenyewe." Alinisimulia karibu saa mbili: malori yaliyowachukua, miezi bila barua, redio iliyotangaza kwamba Kampala imeanguka Aprili 1979, na mume aliyerudi amekonda akawa halali kitandani, analala chini karibu na mlango. Nilimwomba ruhusa nikarekodi kwa simu.

Darasani natumia dakika tisa tu za rekodi ile, kwa spika ndogo ya kuchaji. Katika dakika ya sita bibi ananyamaza, na kinachosikika ni mvua juu ya bati. Hapo huwa nasimamisha, nawauliza wanafunzi wanadhani ni kitu gani hajakisema, nawapa muda waandike, halafu tunaendelea kumsikiliza.