Mwanangu, lisome tena tangazo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili, ya pili nikimsomea mama yako kwa sauti. Unauliza: wasaili wakitaka kujua kwa nini uliacha kazi yako ya kwanza kabla ya mwaka kutimia, uwajibu nini? Nitalifikia swali hilo. Kwanza niambie, tangazo la kazi hii unayoitiwa usaili ulilisoma lini mara ya mwisho? Naamini ulilisoma siku ulipotuma maombi, na tangu hapo hujaligusa.

Nakuuliza hivyo kwa sababu mimi sikuligusa. Unaukumbuka mwaka nilioomba nafasi ya msimamizi mkuu wa ghala, ukiwa darasa la nne, ukinishikia karatasi huku nikikariri majina ya wakurugenzi na mwaka ambao shirika lilianzishwa. Hakuna aliyeniuliza hata jina moja. Mama mmoja aliyeketi pembeni mwa jopo alisema: "Tueleze siku ambayo mali iliyomo ghalani haikulingana na leja. Wewe ulifanya nini?" Mwanangu, swali hilo lilikuwa langu! Ninyi mnazijua zile siku tatu nilizorudi nyumbani usiku wa manane, nikihesabu rafu moja baada ya nyingine, mpaka nikagundua kwamba shehena moja ilifika kwa mafungu mawili, na hati ya kupokelea fungu la pili ikaandikwa idadi ya shehena nzima, hivyo fungu la kwanza likaingia katika leja mara mbili. Badala ya kuyasimulia hayo, nilijibu kwamba huwa nashirikiana vizuri na wenzangu katika kutatua changamoto. Yule mama alingoja, kalamu yake ikiwa juu ya karatasi. Nilikaa kimya. Akafunua ukurasa, na mlio wa karatasi ile sijausahau hadi leo.

Usiku huo nililitoa tangazo mkobani nikakuta sifa ya tatu imeandikwa waziwazi: awe na uzoefu wa kusuluhisha tofauti kati ya mali iliyopo na vitabu. Swali nililoshindwa kulijibu nilikuwa nimetembea nalo wiki tatu.

Ndiyo maana nasema, na utaniwia radhi kwa kulirudia, kwamba usaili huanzia kwenye tangazo. Chukua kila jukumu na kila sifa iliyotajwa, na chini yake uandike tukio moja la kweli: hali ilikuwaje, wewe ulipewa kazi gani, ulichukua hatua zipi, na mwisho wake ukawa nini. Kisha ulisimulie kwa sauti, si kwa kulikariri neno kwa neno, mpaka uweze kulimaliza kwa dakika mbili hivi. Mahali unapokwama ukisimulia peke yako ndipo utakapokwama mbele yao. Nawe umelelewa kusema "tulifanya", jambo ninalolipenda kwako. Lakini jopo linampa alama mtu mmoja, kwa hiyo pale ulipofanya wewe, sema "nilifanya", na pale mlipofanya wote, wataje wenzako. Hilo halina majivuno ndani yake.

Sasa swali lako. Mwanzoni nilitaka kukuambia ueleze yote, kwa kuwa ukweli nusu huonekana usoni, na tena wanaweza kumpigia simu aliyekuwa mkuu wako. Mama yako hakubaliani nami; anasema jopo si baraza la usuluhishi, na mtu anayesimulia ugomvi kwa kirefu huonekana bado yumo ndani yake. Nimebishana naye, kisha nikabishana na nafsi yangu, na naona tunaweza kupatana hapa: sema sababu ya kweli kwa sentensi mbili, bila kumsema vibaya mtu yeyote, halafu uende moja kwa moja kwenye kile kilichokuvutia katika kazi hii. Wakiuliza zaidi, jibu zaidi, lakini usiongeze jambo ambalo mkuu wako wa zamani akiulizwa atalikanusha. Hata hapo utaona umuhimu wa tangazo, maana hutaweza kueleza kilichokuvutia usipokumbuka kilichoandikwa.

Kama ulifanya vema kuondoka au la, hukuniuliza. Nina maoni yangu, na kalamu imekaribia kuyaandika mara mbili katika barua hii. Mama yako, aliyeketi karibu nami, amenitazama mara zote mbili. Basi nayaacha mpaka utakapouliza mwenyewe.

Jumapili jioni nipigie simu ukiwa na tangazo mkononi. Utanisomea sifa moja moja, nami nitakuuliza kama yule mama alivyoniuliza, na safari hii sitafunua ukurasa mpaka umalize.

Ni mimi baba yako.