Glavu ya muziki inalia hata mkono ukitulia

SWALI: Nimetengeneza glavu ya kupigia muziki kwa sensa nne za kukunja, kila moja na rezista ya kiloomu 10, na Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu). Kompyuta haiitambui kama kinanda cha MIDI (lugha ambayo ala za muziki na kompyuta hupelekeana noti), noti zinadunda kama cherehani hata nikituliza mkono, na sensa ya kidole cha shahada imekufa baada ya wiki moja. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Tuanze na sensa iliyokufa, maana zilizobaki zitaifuata usipobadili ushonaji. Yaelekea umeishona yote kwenye kitambaa. Kidole kikikunjwa, mgongo wa glavu hurefuka ila sensa hairefuki, kwa hiyo mvuto wote huishia kwenye shina lake, pale pini mbili zilipobanwa, na hapo ndipo inapokatika. Shona upindo mwembamba kama ule wa kupitishia kamba ya pajama, uipitishe humo. Shina likaze nyuma ya kifundo cha kidole, juu ya kipande kigumu cha plastiki cha sentimita 3. Ncha iache iteleze. Ukichomelea waya fanya haraka, joto likikawia plastiki ya sensa huyeyuka.

Noti kudunda kuna sababu mbili. Sensa hizi aghalabu huwa na kiloomu 25 zikinyooka, na hufika 100 zikikunjwa. Sensa ikiunganishwa na volti 5 na rezista ya 10 ikaenda ethi (GND), usomaji wa Arduino, ambao huanzia 0 hadi 1023, hutembea kati ya 292 na 93 tu. Weka rezista ya kiloomu 47 upate 668 hadi 327. Pima zako kwa mita kwanza, hata za pakiti moja hazilingani. Pili, umetumia mpaka mmoja wa kuanzisha na kuzima noti, na usomaji unapoyumba hapohapo noti hujirudia. Weka miwili: noti ianze usomaji ukishuka chini ya 430, izimwe ukipanda juu ya 500. Katikati usitume kitu.

Uno iweke kando kwa kazi hii. Chipu yake, ATmega328P, haina USB ya kwake, ndiyo maana kompyuta haiitambui kama kinanda. Chukua bodi ya Pro Micro ya volti 5 yenye chipu ya ATmega32U4, ambayo ina USB yake, tumia pini za kusomea sensa A0 hadi A3 na maktaba ya programu ya MIDIUSB. Kila ukituma noti, iite amri ya MidiUSB.flush() ili itoke papo hapo, la sivyo noti zitachelewa nawe utailaumu sensa bure.

Kidole cha shahada hakihitaji kungoja sensa mpya. Mwaka 1991 mwanamuziki Laetitia Sonami alianza na glavu za mpira za jikoni, sensa za sumaku zikiwa vidoleni na sumaku kwenye mkono wa pili. Sensa ya Hall (inayohisi sumaku) aina ya 49E, yenye miguu mitatu, huingia A0 moja kwa moja bila rezista. Ibandike kwenye ncha ya kidole, sumaku ndogo kwenye gumba. Bila sumaku husoma karibu 512. Ikipanda unapotaka ishuke, geuza sumaku.