Barua kwa mwanangu: semi likikujia nyuma

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umeniuliza, "Mama, wewe ulifanyaje mpaka ukaacha kuogopa barabara? Mimi lori la semi likinijia nyuma mikono inatetemeka." Nimeona nikuandikie. Kwa simu tungeishia kwenye habari za watoto, na haya nataka uyasome ukiwa umetulia hapo Masasi.

Niliogopa sana mwanzoni, kisha nikajitia ujasiri, na ule ujasiri ndio uliotaka kuniua. Ulikuwa msimu wa korosho. Nilikuwa na pikapu yangu ndogo, ile kirikuu, na matenga sita ya samaki, nimetoka Mikindani alfajiri kuwahi wateja wa Ndanda. Mbele ya Mtama nikakuta fuso limejaza magunia ya korosho, linapanda taratibu. Nililisogelea hadi moshi ukawa unaingia dirishani. Barafu inayeyuka, nami nahesabu hasara. Nikachomoka kulipita, na uso kwa uso nikaona basi. Dereva wa fuso alikanyaga breki akaniachia upenyo nikarudi. Mungu amlipe, hata sura yake sikuiona. Niliegesha chini ya mwembe, nikakaa humo ndani nikisikia maji ya samaki yakidondoka chini ya bodi, tone, tone. Miguu ilikuwa haina nguvu ya kushuka.

Nilipotulia ndipo nikaelewa: nilikuwa karibu mno, nikawa sioni kitu ila mgongo wa fuso. Ukikaa hivyo, kila jambo linakushtukiza, na mtu anayeshtuliwa kutwa nzima atatuliaje? Kwa mwendo wa 80 gari linakula kama mita 22 kwa sekunde moja. Mguu haujafika kwenye breki, mita hizo zimeshakwisha. Tangu siku ile nahesabu. Gari la mbele likipita nguzo au mkorosho, naanza: mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. Nikifika pale kabla sijamaliza, naachia mafuta. Mvua ikinyesha nahesabu hadi sita. Watu wataingia kwenye hiyo nafasi, waache waingie, wewe anza kuhesabu upya.

Sasa hilo semi lako. Likija nyuma, usiongeze mwendo kwa ajili yake, na usikanyage breki ghafla. Shika mwendo wako na upande wako wa kushoto, ongeza nafasi ya mbele, na likianza kukupita punguza kidogo limalize haraka. Wewe ukiwa nyuma yake, utaona dereva anawasha indiketa ya kushoto kukuambia njia nyeupe, ya kulia kukuambia subiri. Ni wema wao, nami nawashukuru, lakini usitoke mpaka macho yako mwenyewe yameiona barabara. Yeye hajui gari lako lina nguvu kiasi gani.

Jambo jingine niliona siku ya Idi uliponipeleka mjini. Unakaa kifua karibu kigusane na usukani, umeukamata hadi vidole vimekuwa vyeupe. Sogeza kiti nyuma, mguu ukandamize breki hadi mwisho na goti libaki limekunjika kidogo. Usukani ushike kama unavyoshika kuku wa kupeleka sokoni: asikuponyoke, na usimkabe. Ukishusha mabega, utaona hata macho yanafika mbali zaidi.

Usiku, kama unaweza kulala, lala. Ukilazimika, nenda mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya mwanga wa taa zako, kwa sababu baiskeli nyingi huku hazina taa na mbuzi hawana saa ya kulala. Gari likikupiga mwanga machoni, tazama ukingo wa kushoto wa lami. Na ukiona matawi yamewekwa barabarani, punguza pale pale. Mbele kuna gari limeharibika, pengine halina hata taa moja.

Usiache gari likae wiki nzima kwa sababu ya woga. Kila Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, nenda hadi Ndanda urudi. Ikizoeleka, songa hadi Nyangao.

Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na basi la asubuhi. Jumapili tutashuka wote Mtwara, usukani utakuwa wako, nami sitasema neno mpaka tukaribie Mtama. Pale chini ya mwembe tutasimama, nikuonyeshe. Niwekee mto mgongoni, kiti chako cha abiria kinaniumiza kiuno.

Mama yako