Je, kukaanga huondoa sumukuvu kwenye unga wa lishe?

SWALI: Ninasindika unga wa lishe wa watoto hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwa kutumia mahindi, soya na karanga, na vyote huvikaanga kabla ya kusaga. Mteja mmoja ameniambia kwamba sumukuvu haimalizwi na moto. Je, ni kweli? Na nikitaka alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), nianzie wapi?

JIBU: Mteja wako amekueleza kweli, mama. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu, hasa ule uitwao Aspergillus flavus. Moto huua ukungu wenyewe, lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje hustahimili joto la sufuria, na kukaanga huipunguza tu bila kuimaliza. Kukoboa mahindi husaidia zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Ila pumba zake usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Eneo lenu linalijua jambo hili kwa uchungu, kwani mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mtoto wa miezi minane anayenyweshwa uji uleule asubuhi na jioni hana chakula kingine cha kumpunguzia dozi ya sumu, na mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi. Kwa hiyo, kama huna uhakika na karanga zako, ninakushauri uziondoe kabisa na kuongeza soya.

Usalama wa unga wako unaamuliwa wakati wa kununua. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na mahindi, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, ilhali kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Wapendelee wakulima wanaoanika juu ya turubai na wanaotumia Aflasafe, kinga ambayo Wizara ya Kilimo imeihimiza kupitia TANIPAC, mradi wa kudhibiti sumukuvu nchini, na ambayo hunyunyizwa shambani wiki 2 hadi 3 kabla ya mbelewele kutoka.

Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS. Anzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho, kwa sababu Serikali humlipia mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo gharama za kupata alama ya ubora. Mahindi hayatakiwi kuzidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na ile aina ya sumukuvu iitwayo B1 isizidi 5. Unapopeleka sampuli maabara, chota kidogo kutoka kila gunia, juu, katikati na chini, kwa kuwa punje chache mbovu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya mzigo mzima.