Walimu Wanaondoka Mfululizo Shuleni: Mzazi Aulize Nini?

Swali

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu anasoma darasa la tatu. Tangu mwaka wa masomo uanze, somo la hisabati limeshikwa na walimu watatu, na mwalimu wake wa darasa ameondoka katikati ya muhula bila wazazi kuarifiwa. Wazazi wa madarasa mengine wanasema hali ni hiyohiyo. Tukiuliza, tunajibiwa kwamba walimu kuhama ni jambo la kawaida. Naomba unieleze: nitajuaje kama kiwango hiki kimezidi, mtoto anaathirikaje, na wazazi tuulize nini bila kuonekana tunaingilia kazi ya uongozi?

*Mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu*

Jibu

Marahaba, mama. Ni kweli kwamba walimu kuhama ni jambo la kawaida, kwa kuwa hakuna shule isiyopoteza walimu kwa kustaafu, kuugua, kuhamishwa au kupata kazi kwingine. Hata hivyo, jibu mlilopewa halijagusa swali lako. Kinachomuumiza mtoto zaidi ni wakati ambao mwalimu anaondoka, na kile anachokiacha mikononi mwa yule anayempokea darasa. Hayo mawili uongozi unaweza kuyasimamia hata pale ambapo hauna uwezo wa kumzuia mwalimu asiondoke.

Tuanze na kipimo. Kiwango cha walimu kuondoka hupatikana kwa kuchukua idadi ya walioondoka kati ya mwanzo wa mwaka mmoja wa masomo na mwanzo wa mwaka unaofuata, kuigawa kwa idadi ya walimu waliokuwapo mwanzoni, kisha kuzidisha kwa 100. Shule yenye walimu 24 iliyopoteza 6 ina kiwango cha asilimia 25. Lakini katika shule yenye walimu 8, wawili wakistaafu mwaka mmoja kiwango kinafika asilimia 25 hiyohiyo, ilhali hakuna tatizo lolote. Ndiyo maana mimi hutaka takwimu za miaka mitatu mfululizo, zikiwa zimetenganishwa kwa sababu: waliostaafu, waliohamishwa na mwajiri, waliomaliza mikataba, walio katika likizo ya uzazi ambao watarejea, na walioacha kwa hiari yao. Kundi hilo la mwisho ndilo la kutazamwa kwa makini. Ni vyema pia kujua ni walimu wangapi wamekaa shuleni hapo miaka mitatu au zaidi, maana huenda nafasi mbili tu ndizo zinazobadilisha watu kila mwaka huku walimu wengine wote wakiwa wametulia. Hapo chanzo kitafutwe katika nafasi zenyewe: pengine darasa lina wanafunzi wengi kupita kiasi, au mtu amebebeshwa somo ambalo hakulisomea.

Huenda mtatajiwa takwimu za UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linalohusika na elimu, zinazoonyesha kwamba walimu wa shule za msingi wanaoacha kazi duniani waliongezeka kutoka asilimia 4.62 mwaka 2015 hadi asilimia 9.06 mwaka 2022. Takwimu hizo zinahesabu wanaouacha ualimu wenyewe. Kwa shule moja, hata anayehamia shule nyingine amekwisha kuondoka, kwa hiyo hesabu hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja, na kiwango cha shule yenu kinaweza kuzidi hapo bila kuwa dalili ya hatari.

Kuhusu madhara, ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Matthew Ronfeldt, Susanna Loeb na James Wyckoff ulipitia kumbukumbu takriban 850,000 za wanafunzi wa darasa la nne na la tano jijini New York katika kipindi cha miaka minane. Waligundua kwamba pale walimu wengi wanaofundisha ngazi moja ya darasa walipobadilika, alama za lugha na za hisabati zilishuka, na madhara yalikuwa makubwa zaidi katika shule zenye wanafunzi wengi wanaofanya vibaya. La kuzingatia ni kwamba hata wanafunzi ambao mwalimu wao hakuondoka waliathirika. Hilo halinishangazi: mwalimu aliyebaki hupokea vipindi vya aliyeondoka, humwelekeza mgeni, na muda wa kusahihisha madaftari humponyoka. Utafiti mwingine, wa jimbo la North Carolina nchini Marekani, ulionyesha kwamba mwalimu kuondoka katikati ya mwaka kunadhuru kuliko kuondoka mwaka unapomalizika.

Fikiria kinachopotea. Mwalimu aliyekaa na darasa muhula mzima anajua kwamba mtoto fulani, akikutana na neno refu, hutazama herufi za mwanzo na kubahatisha zilizobaki, hivyo akisoma kwa haraka huonekana ni msomaji hodari. Anajua nani hanyooshi mkono kwa kutoelewa na nani hanyooshi kwa kuona haya. Mambo hayo hayaonekani katika alama za mtihani. Mwalimu mgeni huyagundua baada ya wiki nyingi, na akiondoka naye kabla ya kuyaandika popote, mwenzake anaanza upya, ilhali darasa la tatu ni wakati ambao kusoma kunapaswa kuwa kumekwisha kukomaa ili masomo mengine yajengwe juu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda shuleni, chukua daftari la hisabati la mwanao ulipitie kuanzia ukurasa wa kwanza ukifuata tarehe. Angalia kama kuna wiki zisizo na kazi yoyote, kama kuna mazoezi ambayo hayakusahihishwa, na mada gani zimerudiwa. Unaweza kukuta kuzidisha kumefundishwa na walimu wawili kwa njia mbili tofauti, na kugawanya hakupo kabisa, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake alikwisha kufundisha mada hiyo. Andika tarehe na mada hizo, kisha omba kuzilinganisha na azimio la kazi la muhula, yaani mpango wa mwalimu wa mada atakazofundisha wiki kwa wiki. Mzazi mwenye kumbukumbu kama hizo hajibiwi kwa urahisi kwamba ni mambo ya kawaida.

Nendeni kupitia kamati ya wazazi, kwa barua fupi inayoomba kikao, na msiulize kwa nini mwalimu fulani ameondoka. Hiyo ni siri kati yake na mwajiri, na swali hilo humpa mwalimu mkuu sababu halali ya kufunga mazungumzo. Ulizeni yale ambayo ni haki yenu kujua: nani anafundisha darasa katika siku ambazo nafasi iko wazi, mwalimu anayeondoka anakabidhi nini kwa maandishi, nani anamlea mwalimu mgeni katika wiki zake za kwanza, na wazazi wataarifiwa ndani ya muda gani. Makabidhiano mazuri yana azimio la kazi lenye alama ya mahali mada ilipofikia, alama za wanafunzi, na maelezo mafupi juu ya kila mtoto anayehitaji msaada. Ukijibiwa kwamba mwalimu wa taaluma ndiye anayehifadhi jalada hilo, omba kuelezwa, bila kuonyeshwa habari za watoto wengine, lina nini kuhusu mwanao. Mimi huyapa majibu ya maswali haya uzito kuliko kiwango chochote cha asilimia.

Sababu za walimu kuondoka hazifanani, na mshahara ni mojawapo tu. Hata pale ambapo mishahara ni sawa, shule moja huwapoteza walimu na nyingine huwashika, na tofauti hiyo mara nyingi iko katika uongozi: kama mwalimu anasikilizwa, kama anaungwa mkono anapokuwa na mwanafunzi mwenye utovu wa nidhamu au mzazi mwenye hasira, kama ratiba imegawanywa kwa haki. Wazazi nao wanachangia. Mwalimu mpya anayepokelewa kwa lawama za mambo yaliyotokea kabla hajafika ana sababu moja zaidi ya kutafuta kwingine, kwa hiyo nakuomba umtembelee mapema, umweleze kwa utulivu mwanao amefikia wapi, na umwachie nakala ya ulichokiandika.

Kuhusu kumhamisha mtoto, nakushauri usiharakishe, kwa kuwa huko nako atakutana na walimu wapya wote kwa mara moja na kupoteza marafiki. Uipe shule muhula mmoja baada ya kikao. Iwapo muhula huo utakwisha bila makabidhiano yoyote ya maandishi, darasa likaendelea kukaa wiki bila mwalimu, na uongozi ukakataa hata kutaja ni walimu wangapi wameondoka, peleka kumbukumbu zako kwa ofisi inayosimamia elimu katika eneo lenu, au kwa bodi ya shule ikiwa ni ya binafsi. Ukiamua kumhamisha, fanya hivyo mwisho wa mwaka wa masomo, na maswali hayohayo ya makabidhiano uyaulize katika shule mpya kabla ya kujaza fomu.